Mshipa Mkuu Ukivimba: Kupasuliwa Tumbo au Kupitia Tundu la Paja?

Alasiri ya Desemba 31, 2005, mzee wa miaka 97 alikuwa peke yake nyumbani kwake Houston, Marekani, akiandaa mhadhara. Ghafla maumivu makali yakamshika kifuani, yakapanda shingoni, yakachoma katikati ya mabega. Kwanza alidhani ni moyo. Lakini moyo ulipoendelea kudunda, akashuku jambo jingine: ukuta wa mshipa wake mkuu wa damu umechanika.

Hakukosea. Mzee huyo alikuwa Michael DeBakey, daktari bingwa aliyetumia zaidi ya miaka 50 kushona mishipa ya damu ya watu wengine. Mpangilio wa kuyagawa makundi ya ugonjwa uliompata ulikuwa ukifundishwa kwa jina lake katika vyuo vya tiba. Kwa wiki kadhaa aliukataa upasuaji, kwa kuwa alijua vizuri unamdai nini mtu wa umri wake. Februari 9, 2006, akiwa hajitambui tena, na baada ya mvutano mkali kati ya familia, madaktari na kamati ya maadili ya hospitali, wenzake walimwingiza chumba cha upasuaji. Walifanya kazi kwa takribani saa 7. Walikata sehemu iliyochanika na kushonea mahali pake bomba la kitambaa cha Dakroni, la aina ileile aliyoibuni yeye katika miaka ya 1950.

Alilala hospitalini kwa miezi mingi, akapona, akarudi kazini. Alifariki Julai 2008 akiwa na miaka 99.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu kinagusa swali linaloulizwa kila siku na wagonjwa wa mshipa mkuu na jamaa zao: lazima nipasuliwe? Si siku hizi wanapitisha kifaa kwenye paja, mtu akaondoka kesho yake? Jibu la kweli ni refu kuliko ndiyo au hapana, na anayelijua kabla ya kusaini fomu ya ridhaa amejisaidia sana.

Bakora iliyobeba uhai

Mshipa mkuu wa damu, ambao wataalamu huuita aota, huanzia kwenye moyo. Hupanda kidogo, ukajikunja kama mkono wa bakora, kisha ukashuka mbele ya uti wa mgongo, ukapenya kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, mpaka usawa wa kitovu. Hapo hugawanyika mara mbili, tawi moja kwa kila mguu. Njiani humega matawi ya kulisha ubongo, mikono, uti wa mgongo, ini, figo na utumbo. Mtu akiwa ametulia, moyo husukuma takribani lita 5 za damu kila dakika, na damu yote inayokwenda mwilini hupita kwanza kwenye bomba hili.

Tumboni, upana wa kawaida wa aota ni kama sentimita 2. Ukifika sentimita 3, madaktari husema mshipa umevimba. Aliyewahi kukaa kwa fundi baiskeli anaujua ugonjwa huu bila kusoma udaktari. Tairi likichakaa upande mmoja, tyubu husukuma pale palipolegea, ikatokeza kinundu. Kadiri kinundu kinavyokua ndivyo ukuta unavyozidi kuwa mwembamba, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo kinavyokua. Mwisho wake kila mtu anaujua.

Uzee, sigara, presha ya muda mrefu na historia ya ukoo ndivyo vyanzo vikubwa. Wanaume huugua zaidi ya wanawake. Wapo pia wanaozaliwa na nyuzi dhaifu za mwili, na wapo ambao ukuta wao uliliwa na maambukizi. Zamani, kabla ya penisilini, kaswende ilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuvimba kwa aota ya kifuani.

Ubaya wa uvimbe huu ni ukimya wake. Wengi hawahisi chochote, na mara nyingi huonekana kwa bahati, mtu alipokwenda kupigwa picha ya ultrasaundi kwa sababu ya figo au tezi dume. Ukipasuka, wengi hufariki kabla ya kufika hospitali.

Ugonjwa wa pili wa aota ndio uliompata DeBakey. Ukuta wa mshipa huu una tabaka tatu. La ndani likipata ufa, damu hupenya na kujichimbia njia ya pili katikati ya ukuta, ikichana tabaka kama mtu anayebandua ganda la mti. Maumivu yake huja ghafla na kwa ukali ambao mgonjwa hajawahi kuupata. Ufa ukiwa kwenye sehemu inayopanda kutoka moyoni, kila saa inayopita bila upasuaji huongeza hatari ya kifo.

Karatasi ya kufungia, kisha cherehani

Kwa muda mrefu madaktari waliuona uvimbe huu wakakosa la kufanya. Desemba 1948, katika hospitali moja ya Brooklyn, New York, daktari Rudolph Nissen alilifungua tumbo la mgonjwa maarufu kuliko wote duniani wakati ule, Albert Einstein. Alikuta uvimbe mkubwa kwenye aota. Hakukuwa na kitu cha kuweka mahali pake. Akauzungushia selofeni, ile karatasi inayong'aa ya kufungia bidhaa, kwa matumaini kwamba mwili ungejenga kovu gumu kuuzunguka ukuta uliolegea. Einstein aliishi zaidi ya miaka 6 baada ya hapo. Aprili 1955 uvimbe ulianza kuvuja damu. Madaktari walipendekeza upasuaji, akakataa. Alifariki Aprili 18, akiwa na miaka 76.

Wakati Einstein anafariki, njia ya kuutibu ilikuwa imekwishapatikana. Machi 1951, mjini Paris, Charles Dubost alikata uvimbe wa aota ya tumbo na kuunganisha mahali pake kipande cha mshipa kilichotolewa kwa maiti. Lakini mishipa ya maiti ni michache, na haidumu. Dunia ilihitaji mshipa wa kutengenezwa.

Hapo ndipo DeBakey alipoingia. Alikuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Lebanoni, na mama yake alimfundisha kushona akiwa mdogo. Alikwenda dukani Houston kununua nailoni, akaambiwa imekwisha, akapewa kitambaa kipya kiitwacho Dakroni. Akakikata, akakishona kwa cherehani ya nyumbani kikawa bomba. Kitambaa hicho kikakubalika mwilini kuliko vingine vingi vilivyojaribiwa, na mpaka leo mishipa bandia ya aota hufumwa kwa nyuzi za jamii hiyohiyo.

Kazi ya mikono miwili

Upasuaji wa kufungua tumbo haujabadilika sana tangu wakati huo. Mgonjwa hupewa nusukaputi. Daktari huchana kuanzia chini ya kifua, akapita pembeni ya kitovu mpaka karibu na kinena. Utumbo wote husogezwa upande mmoja na kufunikwa kwa vitambaa vyenye maji vuguvugu. Nyuma yake, juu ya mifupa ya mgongo, ndipo uvimbe ulipo, ukidunda kwa kila pigo la moyo.

Mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Kisha daktari huibana aota chini kidogo ya matawi ya figo, na kuibana tena kule chini inakogawanyika. Kuanzia hapo saa inahesabika, kwa sababu sehemu kubwa ya mwili wa chini haipati damu ya kutosha. Uvimbe hupasuliwa kwa urefu, na ndani hukutwa mabonge ya damu iliyoganda tabaka kwa tabaka. Huondolewa kwa mkono. Vijishipa vidogo vinavyotema damu kutoka nyuma hushonwa kimoja kimoja. Ndipo bomba jipya, lililonyooka au lenye miguu miwili kama suruali, linaposhonwa juu na chini kwa uzi mwembamba wa plastiki usiooza.

Vibanio hufunguliwa polepole, kwa kuwa presha inaweza kuporomoka ghafla damu inaporudi miguuni. Mwisho, ganda la uvimbe hukunjwa juu ya bomba na kushonwa, ili kitambaa kisigusane na utumbo.

Mgonjwa huamkia chumba cha wagonjwa mahututi. Hukaa hospitalini wiki moja au zaidi, na huchukua miezi 2 au 3 kurudia nguvu zake. Moyo, mapafu na figo vyote hupata msukosuko. Ila kilichoshonwa kimeshonwa. Sehemu mbovu imetolewa kwenye njia ya damu, na kwa wengi wanaotoka salama hilo ndilo huwa la mwisho kusikia kuhusu uvimbe huo. Ngiri kwenye kovu la tumbo, au utumbo kujifunga, vinaweza kumrudisha mtu hospitalini, lakini bomba lenyewe hudumu.

Gamba linaloingizwa kwa ndani

Rudi kwa fundi baiskeli. Tairi likipasuka na mteja hana pesa ya jipya, fundi hukata kipande cha tairi kuukuu akakiweka kwa ndani, pale palipolegea. Tyubu sasa hulisukuma gamba lile badala ya ukuta mbovu. Matibabu ya tundu dogo yana wazo hilohilo: uvimbe hautolewi, unawekewa bitana.

Wa kwanza kulitekeleza wazo hili kwenye aota ya binadamu alikuwa Nikolay Volodos, daktari wa Kharkiv, Ukraini. Machi 1987 alipitisha stenti, yaani kijibomba cha waya, yenye kitambaa juu yake, aliyoitengeneza pamoja na wenzake, na kuziba sehemu ya aota ya kifuani iliyojeruhiwa. Aliandika kwa Kirusi, dunia ilikuwa imegawanyika, na kwa miaka mingi Magharibi hawakuzijua habari zake.

Septemba 1990, mjini Buenos Aires, Juan Parodi wa Argentina aliutibu uvimbe wa aota ya tumbo kwa njia hiyo. Wazo lilikuwa kichwani mwake tangu akiwa mwanafunzi wa upasuaji huko Cleveland, Marekani, katika miaka ya 1970, alipowaona wazee wakifa kwa kuzidiwa na upasuaji wenyewe. Alishirikiana na Julio Palmaz, Muargentina mwenzake aliyebuni stenti inayotanuliwa kwa puto. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mzee mwenye mapafu mabovu, ambaye upasuaji mkubwa ungemmaliza. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani iliidhinisha vifaa viwili vya kwanza vya aina hii, na njia ikaenea duniani.

Leo hufanyika hivi. Kwanza mgonjwa hupigwa picha ya CT, na aota yake hupimwa milimita kwa milimita: upana, urefu, mikunjo. Siku ya kazi, daktari huingia kwenye ateri ya kinena, kwenye mwanzo wa paja, kwa tundu au mchano mdogo. Hupitisha waya laini mpaka kifuani, akifuata njia kwenye skrini ya eksirei. Juu ya waya huteleza mrija wenye unene unaokaribia kidole chembamba, na ndani yake stenti imekunjwa kama mwavuli. Ikifika chini ya matawi ya figo, ganda la mrija huvutwa nyuma na stenti hujifungua yenyewe. Waya zake nyingi ni za nitinoli, mchanganyiko wa nikeli na titani unaokumbuka umbo lake ukipata joto la mwili. Juu ya waya hizo kuna kitambaa kisichopitisha damu. Mguu wa pili wa suruali huingizwa kutokea kinena cha upande wa pili na kuchomekwa kwenye kiwiliwili cha stenti. Damu sasa hupita ndani ya bitana, na uvimbe hubaki nje ya njia.

Wengi hutembea kesho yake, na huruhusiwa kurudi nyumbani baada ya siku chache. Kwa mgonjwa aliyeandaliwa kisaikolojia kwa kovu la urefu wa tumbo zima, huu unaonekana kama muujiza.

Hesabu ya mwezi mmoja na hesabu ya miaka 15

Waingereza waliamua kuupima muujiza huo. Kati ya 1999 na 2004, hospitali 37 ziliwaingiza wagonjwa 1,252 katika utafiti uitwao EVAR 1. Wote walikuwa na miaka 60 au zaidi, uvimbe wa sentimita 5.5 au zaidi, na afya ya kutosha kuhimili njia zote mbili. Kura ndiyo iliyoamua nani apasuliwe na nani apitishiwe stenti.

Ndani ya siku 30, kati ya waliofunguliwa tumbo walifariki asilimia 4.3. Kati ya waliowekewa stenti walifariki asilimia 1.8. Utafiti wa Uholanzi na Ubelgiji, na mwingine wa maveterani wa jeshi la Marekani, ulielekeza kulekule. Hesabu ya mwezi wa kwanza haina ubishi: tundu dogo huua wachache zaidi.

Watafiti hawakuishia hapo, na ndipo ninapomwomba msomaji atulie. Waliwafuatilia watu walewale kwa miaka 15. Katika miaka michache ya mwanzo ile nafuu ilipotea, idadi ya vifo vya pande mbili ikalingana. Baada ya mwaka wa 8 mambo yaligeuka, wakawa wanaofariki zaidi ni wale wa stenti. Sababu kubwa kwenye vifo vya mshipa wenyewe ilikuwa uvimbe uleule wa zamani kupasuka, ukiwa umekwishatibiwa: vifo 13 upande wa stenti, viwili upande wa waliofunguliwa. Kwa maveterani wa Marekani, mwisho wa safari umri wa kuishi ulilingana, lakini waliorudishwa kufanyiwa kazi nyingine walikuwa asilimia 26.7 upande wa stenti na asilimia 19.8 upande wa kufunguliwa.

Kwa nini? Kwa sababu uvimbe haukutoka. Stenti inashikilia kwa kujibana, haikushonwa. Mshipa unaweza kuendelea kutanuka juu yake ikapoteza mshiko na kuteleza. Damu inaweza kupenya pembeni ya ncha yake, au kwenye kiungo cha vipande viwili. Vijishipa vidogo vya mgongoni, ambavyo kwenye upasuaji wa kufungua vingeshonwa, vinaweza kuendelea kutema damu ndani ya ganda. Mivujo mingine haina neno. Mingine hurudisha presha yote kwenye ukuta uleule mwembamba, na mgonjwa hajui, kwa kuwa haumi.

Ndiyo maana aliyewekewa stenti hupangiwa kipimo baada ya takribani mwezi mmoja, kingine baada ya mwaka, kisha kwa kawaida kila mwaka, maisha yake yote. Uvujaji ukionekana mapema, mara nyingi huzibwa kwa kupitia paja tena. Usipoonekana, husubiri siku yake.

Nani anafaa nini

Tukijua hilo, ubishi wa ipi ni bora hupungua, na linabaki swali la nani anafaa nini.

Uvimbe mdogo hauhitaji njia yoyote kati ya hizo mbili. Utafiti wa Waingereza uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba kuwapasua mapema watu wenye uvimbe wa sentimita 4 hadi 5.5 hakukuwaongezea maisha. Wanaume kwa kawaida husubiri kipimo cha sentimita 5.5 na wanawake hufikiriwa wakifika 5, huku wakipigwa picha mara kwa mara, wakiacha sigara na kudhibiti presha.

Mzee mwenye moyo au mapafu dhaifu, na mshipa wenye umbo zuri, ana kila sababu ya kuchagua stenti. Umbo ni jambo la msingi: lazima pawe na shingo nzima ya mshipa chini ya figo, walau sentimita 1 hadi 1.5 isiyopinda sana, ili stenti ipate pa kushika. Zipo stenti zilizotobolewa matundu ya kupisha matawi ya figo, lakini ni ghali na huhitaji fundi aliyebobea. Na yapo mapaja ambayo ateri zake ni nyembamba au zimejaa chokaa kiasi kwamba mrija haupiti.

Mtu wa miaka 55 mwenye afya, anayetarajia kuishi miaka 20 au zaidi, ana sababu nzuri ya kufunguliwa. Vivyo hivyo mwenye maradhi ya kurithi ya nyuzi za mwili, kama yale ya Marfan, kwa kuwa mahali pa kushikia stenti napo patalegea. Pale ukuta ulipoliwa na vijidudu, kuacha kitambaa kigeni katikati ya maambukizi ni hatari, japo mara nyingine stenti humvusha mgonjwa aliye katika hali mbaya.

Uvimbe uliokwishapasuka ni dharura nyingine. Utafiti uliowahusisha watu 613, karibu wote Uingereza, ulikuta wanaofariki ndani ya siku 30 ni zaidi ya theluthi moja kwa njia zote mbili, zikiwa karibu sawa. Hospitali iliyo tayari kwa yote mawili ndiyo inayomfaa mgonjwa huyo.

Kifuani, kwenye sehemu ya aota inayoshuka, stenti imepiga hatua kubwa zaidi. Upasuaji wa kufungua hapo ni mzito, na unaweza kumwacha mtu amepooza miguu kwa kukosesha uti wa mgongo damu. Stenti nayo haijaiondoa hatari hiyo, lakini imeipunguza. Ndiyo inayotangulizwa kwa wengi waliochanika aota katika ajali za barabarani, pale mwili unaposimama ghafla na mshipa ukaendelea kuvutwa. Kwenye sehemu inayopanda kutoka moyoni, alipougulia DeBakey, kufungua kifua na kushona ndiyo tiba mpaka leo.

Wataalamu wenyewe hawajakubaliana kila jambo. Taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, mwaka 2020 ilitanguliza upasuaji wa kufungua kwa anayeuweza, baada ya rasimu yake kupingwa vikali na madaktari wengi wa mishipa. Chama cha Ulaya cha upasuaji wa mishipa, mwaka mmoja kabla, kilitanguliza stenti kwa wengi wenye umbo zuri la mshipa, na kufungua kwa wenye matarajio ya kuishi muda mrefu. Mgonjwa anayeambiwa kuna njia moja tu ana haki ya kuuliza kwa nini.

Hapa kwetu

Dar es Salaam, Nairobi na Kampala sasa zina mitambo ya kupitisha katheta, yaani mirija myembamba, mishipani. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, imeyafanya maneno "tundu dogo" yawe ya kawaida masikioni mwa Watanzania. Hilo ni jambo la kujivunia, na ndilo linalonifanya niandike. Tumezoea kusikia tundu dogo kama neno la ushindi, bila kusikia mwendelezo wake.

Fikiri mkulima wa Kigoma aliyewekewa stenti Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwake. Mwezi wa kwanza atarudi kliniki. Mwaka wa kwanza, pengine. Mwaka wa 6, akiwa mzima, shamba linamngoja, nauli ni ya watu wawili, na kipimo cha CT kina gharama yake, ataacha. Hataacha kwa uzembe. Ataacha kwa sababu hakuna kinachomuuma. Kwake yeye, kovu kubwa la mara moja linaweza kuwa salama kuliko tundu dogo linalodai ulinzi wa maisha. Stenti yenyewe hugharimu maelfu ya dola kabla hata ya kuhesabu kitanda. Anayelipa, iwe familia, bima au serikali, anunue na ufuatiliaji wake.

Kwa hiyo ninasema bila kuzunguka: hospitali inayoweka stenti ya aota bila daftari la kuwafuatilia wagonjwa wake, bila simu ya kuwakumbusha na bila hospitali ya mkoa iliyofundishwa kuusoma uvujaji kwa ultrasaundi, imefanya nusu ya kazi. Wizara zetu za afya zinaponunua mtambo zinunue na daftari hilo. Ni kitu cha bei rahisi kuliko vyote vilivyomo chumbani mle.

Na kwako msomaji. Pima presha, hata kama hujisikii vibaya, na ukipewa dawa usiziache kwa sababu umepata nafuu. Ukivuta sigara, acha. Uingereza huwaita wanaume wote katika mwaka wanaotimiza miaka 65 kwa kipimo kimoja cha ultrasaundi ya tumbo, kisicho na maumivu wala sindano. Hatuna mpango huo, lakini mashine za ultrasaundi tunazo. Mwanamume mwenye umri huo aliyewahi kuvuta sigara, au ambaye baba au ndugu yake alifariki kwa mshipa mkuu kupasuka, amwombe daktari amtazame.

Ukiambiwa una uvimbe, uliza maswali manne na uandike majibu yake. Una upana gani kwa sentimita? Umbo la mshipa wangu linakubali njia ipi? Hospitali hii imefanya ngapi za kila njia, na wagonjwa wake wakoje leo? Na la nne, linalosahaulika kuliko yote: baada ya miaka 10, nani atakuwa anautazama mshipa wangu, wapi, na kwa pesa ya nani? Kama hilo la nne halina jibu, usisaini bado.